Nani Ameshika Ufunguo wa Ghala la Nyama?

Mwenye kukesha Makongeni, mjini Thika, huyasikia malori ya ng'ombe kabla ya kuyaona. Barabara ya Garissa huingia mjini kupitia hapo, nayo ile itokayo Moyale na Isiolo hupita kando ya mji huo huo ikiteremka kuelekea Ruiru na Nairobi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mifugo ya kaskazini mwa Kenya inayokwenda kuliwa jijini hupita mlangoni petu, imesimama, imebanana, ina kiu. Baadhi huchinjwa papa hapa Kiambu. Wengine huendelea hadi machinjio ya Njiru na Dagoretti, na asubuhi nyama ya baadhi yao imekwisha kuipanda tena barabara ile ile, ndani ya masanduku ya bati juu ya pikipiki na pikapu, kuja kutundikwa katika bucha za Ruiru, Juja na Thika. Ng'ombe aliyetupita usiku akiwa hai hurudi mchana akiwa na bei.

Bei hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia. Wapo wasomaji watakaouliza jarida la mageuzi lina haja gani na nyama, na kama hatuna katiba, kura na mahakama za kutushughulisha. Ndugu zetu, twawajibu hivi: bei ya kitu haishuki kutoka mbinguni kama umande. Hupangwa na watu, kwa maamuzi yanayofanywa mahali fulani na mtu fulani, na mara nyingi maamuzi hayo hufanywa gizani. Na lolote linaloamuliwa gizani kuhusu riziki ya umma ni jambo letu.

Tuanze na lile ambalo kila mama wa Ruiru analijua. Katika miaka ya karibuni kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa imevuka shilingi 500 katika bucha nyingi, na kwingi imepita 600. Kilo imekuwa kipimo cha sikukuu. Siku za kawaida watu hununua nusu, hununua robo, na wengine hawataji uzito kabisa, hutaja fedha walizo nazo: nyama ya mia, nyama ya mia mbili. Mwenye bucha hukata, hupima, huongeza kipande cha mfupa ili mizani ikae, naye mnunuzi hafungui kinywa kwa kuwa anajua akibishana ataambiwa aende akale omena. Hatumlaumu mwenye bucha kwa haraka. Tumeketi na wenye bucha kadhaa wa miji yetu hii miwili, na hesabu zao, baada ya kodi ya chumba, leseni ya kaunti, ada ya usafiri na mshahara wa kijana wa kukata, si hesabu za tajiri. Wengi wao hawana jokofu la maana. Nyama iliyochinjwa alfajiri sharti iishe kabla ya giza, la sivyo ni hasara, kwa hiyo huinunua kwa bei yoyote watakayotajiwa asubuhi machinjioni, nao huiuza kwa bei yoyote itakayowaokoa.

Geuka sasa umtazame mfugaji. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Aliyeweza kuuza kabla ng'ombe wake hajaanguka aliuza kwa bei ya kutupa, kwa maana mnyama aliyekonda hana mnunuzi wa pili, na dalali anaijua hofu ya mwenye mnyama. Basi twauliza: wakati ng'ombe walipokuwa wakitupwa Garissa, Wajir na Marsabit, nyama ilishuka bei Thika? Haikushuka. Kisha mvua ikarudi mwaka 2023, malisho yakaota, na wafugaji waliobakiwa na wanyama wachache wakaanza kuwazuia ili mifugo ipate kuongezeka tena. Hiyo ni busara yao na ni haki yao. Ng'ombe wakapungua sokoni, na bei ikapanda zaidi. Kiangazi kikija hulia mfugaji, na mvua ikija hulia mlaji. Katikati ya vilio hivi viwili kuna mtu asiyelia katika msimu wowote, na mtu huyo hatumjui kwa jina wala kwa sura kwa sababu hakuna kitabu cha serikali kinachomwonyesha.

Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, hutangaza kila mwezi bei ya bidhaa za nyumbani, nyama ya ng'ombe ikiwemo, na kazi hiyo twaishukuru. Lakini bei ya mwisho tu haitoshi. Ni sawa na kumwonyesha mtu jivu na kumwambia akisie mti. Tungependa kujua ng'ombe aliuzwa kiasi gani siku ileile Garissa, lori lililipa nini kwa kila kaunti lililopita, machinjio yalitoza nini, na, lililo kubwa kuliko yote, ni tani ngapi za nyama zimelala katika vyumba vya baridi hapa nchini zikingoja bei ipande.

Hapo ndipo ilipo habari ya nyama iliyogandishwa, na yafaa tuieleze polepole. Nyama mbichi haina subira. Ikiwekwa katika ubaridi wa nyuzi chache juu ya sufuri hudumu siku kadhaa. Ikigandishwa vizuri na kuwekwa katika nyuzi 18 chini ya sufuri, hudumu miezi mingi. Tofauti kati ya siku na miezi ndiyo tofauti kati ya mtu anayelazimishwa na soko na mtu anayelilazimisha soko. Nchi yenye ukame wa mara kwa mara kama yetu, ingekuwa na maghala ya baridi ya kutosha, ingenunua ng'ombe wa wafugaji mapema, kabla hawajakonda, kwa bei ya heshima, ikawachinja na kuwagandisha. Kisha mvua irudipo na ng'ombe wapungue, ikafungua milango na kuiuza nyama ile pole pole, na bei isipae. Mfugaji asingelia, na mlaji asingelia.

Waumini watakuwa wamekwisha kumkumbuka Yusufu. Alihifadhi nafaka miaka saba ya neema ili watu wasife katika miaka saba ya njaa, na mahubiri mengi tuliyoyasikia huishia hapo. Lakini sura haiishii hapo. Endeleeni kusoma Kitabu cha Mwanzo hadi sura ya 47, mwone yaliyotokea njaa ilipozidi: watu walitoa fedha zao zote, kisha wakatoa mifugo yao ili wapate chakula, kisha mashamba, mwisho wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Ghala lile lile lililowaokoa lilikuwa limewanunua. Kwa hiyo hatusemi tu kwamba maghala yajengwe. Twauliza ni nani ashikaye ufunguo, na ni nani awezaye kumwambia afungue.

Swali hili ni la zamani katika nchi hii, zamani kuliko uhuru. Mwaka 1938 kiwanda cha kampuni ya Liebig's kilipowekwa Athi River kusindika nyama, serikali ya kikoloni iliona ni rahisi kukilisha kwa ng'ombe wa Wakamba, waliochukuliwa kwa nguvu kwa kisingizio kwamba mifugo imezidi na ardhi inaharibika. Watu walinyang'anywa wanyama wao na kulipwa bei ya dhihaka. Maelfu yao, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor, wakakataa kuondoka mpaka gavana awasikilize. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini uchukuaji ule wa nguvu ulisimamishwa. Leo barabara ya jijini inaitwa kwa jina lake, na kando yake limesimama Soko la Jiji, ambamo nyama hutundikwa kila siku. Sijui ni wangapi kati ya wale wanaonunua pale wanajua kwamba jina lililo kwenye kibao cha barabara ni la mtu aliyefungwa kwa sababu ya bei ya ng'ombe. Tuseme: hatujui ni wangapi, mmoja wetu ameomba swali hili liandikwe kama alivyolisema.

Baadaye, mwaka 1950, ikaundwa kwa sheria Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, ikarithi Athi River. Tume hiyo ilipewa ukiritimba: ilinunua, ilichinja, iligandisha, ilitia nyama makoponi, ikauza nje. Uhuru ulipokuja ukiritimba ule haukuvunjwa, ulibadilisha mikono tu. Serikali ilipanga bei ya kumlipa mfugaji, na tena ikapanga bei ya nyama mjini, na kwa kuwa watu wa mjini hupiga kelele karibu na Ikulu na watu wa Mandera hupiga kelele mbali, ni rahisi kukisia ni bei ipi iliyobanwa. Twakubali kwamba bei rasmi iliwapa babu zetu wa Thika nyama ya rahisi. Lakini iliyolipa tofauti ile ilikuwa Tume, na Tume ilipokauka, wachinjaji wa binafsi waliokuwa pembezoni mwa jiji walikwisha kuchukua ng'ombe na wanunuzi wote.

Bei rasmi ya nyama ilifutwa mwaka 1987. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya Athi River ilikuwa imefungwa. Katika enzi ya chama kimoja mashirika ya umma yaligawiwa kama mahari: ukurugenzi kwa huyu, zabuni kwa yule, ajira kwa jamaa ya mwingine, na deni kwa hazina. Hakuna aliyethubutu kuuliza hesabu bungeni, na aliyeuliza nje ya bunge aliitwa mchochezi. Ndipo tunaposema kwamba jokofu la taifa halikuharibiwa na ukame wala na mbung'o. Liliharibiwa na ukimya.

Mkataba wa Lomé ulizipa nchi chache za Afrika nafasi ya kuuza nyama ya ng'ombe Ulaya kwa nafuu ya ushuru. Botswana ilipewa tani 18,916 kwa mwaka. Namibia, baada ya uhuru wake, tani 13,000. Kenya, yenye mamilioni ya ng'ombe, tani 142. Na hata hizo 142, ugonjwa wa midomo na miguu na uzembe wetu katika kuudhibiti ulitufungia mlango. Botswana nayo ina ukame, tena mkali kuliko wetu. Ilichokuwa nacho ni tume ya nyama iliyowalipa wafugaji na idara ya mifugo iliyojua ng'ombe gani yuko wapi. Januari 2025 serikali yetu ilianzisha kampeni ya kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, nayo ikapokelewa kwa mashaka na uvumi wa kila aina. Baadhi ya uvumi ule ulikuwa upuuzi mtupu. Lakini watu waliodanganywa miaka mingi huwa wagumu wa kuamini hata siku wanapoambiwa kweli, na gharama ya uongo wa zamani hulipwa hivyo.

Turudi kwenye bei. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991 wengi tuliamini kwamba mlango mmoja ukifunguka yote itafunguka. Kilichofuata kilikuwa somo chungu. Uchaguzi wa Desemba 1992 uligharimiwa kwa fedha zilizochapishwa na kumwagwa, wizi wa Goldenberg ukaendelea nyuma ya pazia, na mwaka 1993 mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46. Nyama, unga, sukari na nauli ya matatu kati ya Thika na jiji vyote vilipanda pamoja. Aliyepewa noti ya kampeni mwezi wa Desemba aliirudisha yote bucha na dukani kabla ya Pasaka, na nyingine juu yake. Tangu wakati huo hatujaona bei ya nyama ikipanda kwa sababu moja kisha ikashuka sababu ile ilipoondoka. Hupanda ngazi, hukaa, hupanda tena.

KMC ilifunguliwa upya mwaka 2006, na wafugaji wengi walifurahi. Miaka mitatu baadaye, katika ukame wa 2009, serikali ilitangaza kuwanunua ng'ombe waliodhoofika. Wanyama wakaletwa Athi River wengi kuliko uwezo wa kuwachinja na kuwahifadhi, na wengine wakafia pale pale kwenye uzio wakingoja. Kwa miaka mingi baadaye malalamiko ya wafugaji yalikuwa mamoja: wamepeleka ng'ombe, hawajalipwa. Mfugaji asiyelipwa humrudia dalali, maana dalali, pamoja na dhuluma yake yote, hutoa fedha mkononi. Mwaka 2020 Tume ikahamishiwa Wizara ya Ulinzi kwa agizo la rais, bila wafugaji wala walaji kuulizwa. Yawezekana askari wanajua kupanga mstari na kulipa kwa wakati. Hatuwanyimi sifa hiyo. Lakini ghala la chakula cha umma halifai kuwa jambo la kupeanwa kwa waraka kama gari la ofisi.

Wapo wasemao suluhisho ni kufungua bandari. Nyama iliyogandishwa ipo tele ng'ambo, wanasema, iletwe Mombasa kwa makontena na bei itaanguka. Hoja hii huvutia tumbo, na hatuidharau, kwa kuwa mwenye njaa hapaswi kusubiri nadharia. Hata hivyo tazameni yaliyowapata ndugu zetu wa Afrika Magharibi. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jumuiya ya Ulaya, iliyokuwa na milima ya nyama ya ziada katika majokofu yake, iliwalipa wafanyabiashara wake ruzuku ili waiondoe. Nyama hiyo ikashushwa Abidjan na bandari nyingine za pwani ile kwa bei ambayo mfugaji wa Mali, Burkina Faso au Niger asingeweza kushindana nayo, hata kama angemtembeza ng'ombe wake bure. Masoko yaliyojengwa kwa vizazi yakavunjika. Makanisa na mashirika ya huko Ulaya yenyewe yalipiga kelele, na mwaka 1993 ruzuku ile ikaanza kupunguzwa. Mlaji wa Abidjan alikula rahisi kwa muda. Mfugaji wa Sahel hakurudishiwa soko lake kwa barua ya pole.

Afrika Mashariki imejikinga kiasi: tangu Julai 2022 nyama itokayo nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa asilimia 35. Sisi twaunga mkono ukuta huo, ila kwa sharti. Ukuta unaomlinda mfugaji ni halali. Ukuta unaomlinda mlanguzi aliyekaa kati ya mfugaji na mlaji ni uzio wa shamba la mtu mmoja, na mlaji wa Ruiru ana haki ya kuuliza kwa nini analipia mbao zake. Hata leo nyama kidogo ya kifahari huingia kwa ajili ya hoteli kubwa. Mkulima mdogo wa Githunguri au Gatundu, anayemuuza ndama dume akiwa mchanga kwa kuwa hana malisho ya kumkuza, haingii katika meza hiyo hata kwa jina.

Na hapa hatuna budi kulisema jambo ambalo wapenzi wa maghala hupenda kuliruka. Watu wetu hawaiamini nyama iliyolala. Wanataka nyama ya leo, yenye joto la machinjioni na muhuri wa mkaguzi unaoonekana. Wengine huona hii ni ushamba. Sisi twaona ni kumbukumbu. Julai 2019 televisheni ya NTV ilitangaza uchunguzi ulioonyesha jinsi baadhi ya wauzaji walivyokuwa wakitia nyama dawa za kuhifadhi ili iendelee kuonekana nyekundu baada ya kuharibika. Majokofu yalikuwapo, taa zilikuwa zinang'aa, sakafu ilikuwa imepigwa deki, na nyama ilikuwa imeoza. Bucha ya kando ya barabara huko Kimbo, yenye nzi wake na gogo lake la kukatia, ikaonekana ghafla kuwa mahali pa watu waaminifu. Basi atakayetaka Wakenya waile nyama ya barafu na aanze kwa kuiandika tarehe. Siku aliyochinjwa mnyama, siku iliyogandishwa nyama, na machinjio iliyotoka. Nyama iliyoyeyushwa isigandishwe tena na kuuzwa kama mpya. Mkaguzi aruhusiwe kuingia chumba cha baridi bila kupiga simu kwanza.

Umeme nao. Chumba cha baridi ni kinywa kisichofungwa, hula umeme usiku na mchana, na bei ya umeme nchini humu si siri. Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani kwa saa nyingi. Mwenye jenereta alisalimika, asiye nayo alitupa. Ndiyo maana tunasema kwamba ghala dogo la mwenye bucha mmoja mmoja si jibu. Jibu linahitaji fedha za pamoja, na fedha za pamoja zina mlinzi wake, yaani sheria.

Sheria tunayo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kuwa huru kutokana na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na katika cha 46 inamlinda mlaji. Jedwali la Nne linayataja kwa majina masoko ya mifugo na machinjio kuwa kazi ya serikali za kaunti. Hakuna tena haja ya kumwandikia barua Waziri wa Nairobi ukingoja miaka minane. Machinjio ya Kiambu ni ya Kiambu. Ruiru peke yake ilihesabiwa kuwa na watu karibu 490,000 mwaka 2019, mji uliomeza mashamba ya kahawa na kuota maghorofa. Twadai basi kwamba kaunti itenge fedha za chumba cha baridi cha umma, kilichoambatanishwa na machinjio yenye hadhi karibu na makutano ya barabara mbili za ng'ombe hapo Thika. Mwenye bucha alipie nafasi kwa kilo na kwa siku, kama alipiavyo mtu kusaga mahindi yake mashineni. Chama cha wafugaji kutoka Garissa au Isiolo kiweze kuchinja, kuhifadhi na kuuza chenyewe bila kumpigia mtu magoti. Halmashauri ya ghala iwe na wafugaji, wenye bucha na wanunuzi, wachaguliwe na wenzao, na wasiteuliwe na gavana. Na kila Ijumaa kibandikwe mlangoni kibao kionyeshacho tani zilizoingia, tani zilizotoka, na bei.

Tutaambiwa kibao ni jambo dogo. Tunajua majengo makubwa yalivyotufaa: kichinjio cha Isiolo kilichoanza kujengwa katika miaka ya 2000 kilikaa zaidi ya miaka kumi bila kukamilika, huku hotuba zake zikikamilika kila mwaka. Heri ghala dogo lenye kibao kuliko kubwa lenye utepe wa kukatwa.

Wakati kaunti inafikiri, parokia na makanisa yetu yasikae. Tunaomba kila kikundi cha haki na amani, kila jumuiya ndogo, kila chama cha akina mama kati ya Githurai na Thika kiteue watu wawili wa kuandika bei. Kila Jumamosi waingie bucha tatu zile zile, waandike bei ya kilo yenye mfupa na isiyo na mfupa, bei ya matumbo, na watazame kama mizani ina muhuri wa ukaguzi. Wasigombane na mtu. Daftari moja la shule latosha. Wenye jamaa au marafiki Garissa, Isiolo au Kajiado wapige simu siku hiyo hiyo waulize ng'ombe aliuzwa kiasi gani. Waislamu wa Majengo wametuahidi kutusaidia kwa Garissa, na twawashukuru. Wengine wauandikie uongozi wa kaunti kuomba hesabu za machinjio kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma kujibu ndani ya siku 21. Wahesabu siku.

Makadirio ya bajeti ya kaunti sharti yafikishwe mbele ya bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo huhudhuriwa na watu wachache, wengi wao wakiwa wamesafirishwa kuja kupiga makofi. Safari hii tuingie na madaftari yetu, tukae viti vya mbele, na mtu wa kwanza kusimama awe yule mama wa Ruiru anayenunua nyama ya mia.